Mzigo Usiofungwa Huangukia Jirani

*Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa Kata ya Usagara, Wilaya ya Misungwi. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wa kata nyingine ambao barabara zao hupitiwa na magari ya mizigo.*

  

Mmezoea kuniona nikiwa na kamera shingoni. Leo kamera nimeiacha ofisini, na badala yake nimekuja na mkanda huu mnaouona mkononi mwangu. Ni mkanda wa kufungia mzigo kwenye gari, wenye kulabu pande mbili na kifaa cha chuma chenye meno cha kukazia, ambacho madereva wengi hukiita racheti. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini nimeona kitu kidogo kama hiki kinastahili kuletwa mbele ya mkutano wa kata.

Ndugu wananchi, Usagara ni njia panda. Hapa barabara itokayo jijini Mwanza hugawanyika: moja huelekea Shinyanga, na nyingine huelekea Kigongo, kisha Sengerema na Geita. Kwa hiyo karibu kila mzigo unaoingia au kutoka Mwanza kwa barabara hizo hupita mbele ya nyumba zetu. Magunia ya dagaa kutoka mwalo wa Kirumba hupita hapa. Hupita pia mpunga, marobota ya pamba, nondo, mabati, saruji, mbao, matangi ya maji na ng'ombe wa mnadani. Watoto wetu huenda shule pembeni mwa barabara hiyo hiyo, na akina mama huweka meza zao za nyanya na samaki pembeni mwake. Mzigo ukidondoka Usagara, ni nadra kuangukia mahali patupu.

Kuna jambo jingine lililobadilika. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo na Busisi kwa urefu wa takriban kilomita 3. Sote tunaifahamu adha iliyokuwapo kabla ya hapo. Gari lilifika Kigongo, likajipanga kwenye foleni, likasubiri kivuko, na siku nyingine foleni hiyo ilikula saa nzima na zaidi. Leo gari huvuka kwa dakika chache. Ni neema kubwa, na hakuna anayetamani kurudi nyuma.

Hata hivyo, foleni ile ilikuwa na faida moja ambayo hatukuihesabu: ilimlazimisha dereva kusimama. Utingo alipata nafasi ya kushuka, kuzunguka gari, kuona kamba iliyolegea na kuikaza. Sasa gari laweza kutoka sokoni Mwanza na kufika Geita bila tairi lake kusimama hata mara moja, na katikati ya safari hiyo likapita juu ya maji mahali ambapo upepo wa ziwa hauna mti wala kilima cha kuuzuia. Barabara imetuondolea kituo cha lazima. Hatuna budi kujiwekea cha hiari.

Kabla sijaeleza namna ya kufunga, naomba nikiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita nilihama kutoka Nyegezi kuja upande huu. Nilikodi gari dogo la mizigo, tukapakia kitanda, makabati, viti, na juu kabisa godoro. Tulifunga kwa kamba ya katani iliyokwisha kuchakaa. Tulipofika Buhongwa dereva aliangalia kwenye kioo akaniambia, “Kaka, kamba imelegea, ngoja nisimame tuikaze.” Nami, kwa kuwa jua lilikuwa linazama na nilitaka kufika mapema, nilimjibu, “Twende tu, tumeshakaribia.”

Hatukwenda mbali. Upepo uliingia chini ya godoro, likanyanyuka kama karatasi, likatua mbele ya bodaboda iliyokuwa nyuma yetu. Kijana aliyeiendesha alilikwepa, akaingia mchangani na kuanguka pamoja na mama aliyekuwa amempakia. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyepoteza maisha. Mama yule alivunjika mkono. Nilimsindikiza hospitali, na nilikaa naye kwenye benchi mpaka usiku. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, ulikuwa unawahi nini?” Mpaka leo sijapata jibu la kumpa.

Kwa sababu hiyo, ninaposikia watu wakisema “ajali haina kinga”, moyo wangu hukataa. Ile ilikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa dakika tano pale Buhongwa, na mimi ndiye niliyezikataa.

Nguvu inayousukuma mzigo

Ndugu wananchi, watu wengi huamini kuwa mzigo mzito haufungwi, kwamba uzito wake wenyewe unatosha kuukalisha. Hilo si kweli. Gari linapofunga breki, magurudumu husimama lakini mzigo hutaka kuendelea na safari. Kanuni inayofuatwa Ulaya inataka mzigo ushikwe kiasi cha kuhimili msukumo wa mbele ulio sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na msukumo wa pembeni au wa nyuma ulio sawa na asilimia 50. Tuchukue mfano wa kenta iliyobeba tani 3. Dereva akikanyaga breki ghafla kwa sababu mtoto amekatiza barabara, mzigo ule waweza kuisukuma kabini kwa nguvu ya takriban tani 2 na nusu. Kama ni nondo zilizolala bila kizuizi mbele yake, dereva na utingo wamekaa palepale zinapoelekea.

Jambo la pili, ambalo hata madereva wazoefu huwa hawalijui, linahusu kazi ya mkanda wenyewe. Mkanda huu una lebo. Tuseme lebo inasema unahimili kilo 2,500. Mtu husoma hapo akadhani kuwa mkanda mmoja unatosha kushika mzigo wa tani 2 na nusu. Sivyo. Mkanda unaopitishwa juu ya mzigo hufanya kazi ya kuukandamiza mzigo chini, ili ushikane vizuri na sakafu ya gari. Na mkono wa mtu, hata akaze racheti kwa bidii, huleta mkandamizo wa kilo mia chache tu.

Tupige hesabu pamoja. Sakafu ya mbao tuipe uwezo wa kushika asilimia 40 ya kile kinachoikandamiza. Mzigo wetu wa tani 3, yaani kilo 3,000, utashikwa na sakafu kwa nguvu ya kilo 1,200. Lakini msukumo wa breki ni kilo 2,400. Zimebaki kilo 1,200 za kushikwa na mikanda. Mkanda mmoja uliokazwa vizuri, tuseme unakandamiza kilo 300 kila upande, yaani kilo 600. Asilimia 40 ya hizo ni kilo 240. Kwa hiyo tunahitaji mikanda 5, na mitano hiyo ni kwa hesabu safi, bila akiba ya mashimo, matuta na kona. Mtu aliyefunga mkanda mmoja amefunga moja ya tano ya kazi.

Ndiyo maana mafundi wa kupanga mizigo husema kazi ya kwanza ni kuzuia, na ya pili ni kufunga. Mzigo ukisukumwa mpaka uguse ukuta imara wa mbele wa bodi, na mapengo yakajazwa kwa mbao au magunia, ukuta ule hubeba sehemu kubwa ya msukumo wa breki. Mikanda hubaki na kazi ya kuzuia mzigo usirushwe juu na usihame pembeni.

Hatua za kufuata

Kwanza, pangeni mzigo kabla ya kufikiria mkanda. Vizito viwe chini na katikati ya upana wa gari, vyepesi viwe juu. Magunia yapangwe kwa kupishana kama fundi anavyopanga matofali, ili kila gunia likalie mawili ya chini yake. Na hapa niiseme lumbesa. Tumezoea kuisikia lumbesa kama dhuluma kwa mkulima, na kweli ni dhuluma: sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini lumbesa ina ubaya mwingine. Gunia lenye kichwa cha mviringo halikai juu ya jenzake. Hubingirika. Ukuta wa lumbesa juu ya fuso husimama kwa bahati tu.

Pili, kagua mkanda. Ukiwa umechanika pembeni, umeungua, umepauka kwa jua mpaka nyuzi zinakatika, au kulabu imefunguka, utoe kazini. Mkanda uliokatika usiungwe kwa fundo, kwa kuwa fundo hupunguza sana nguvu yake, na hapo penye fundo ndipo utakapokatikia.

Tatu, tafuta mahali imara pa kushikiza kulabu. Mahali hapo ni kwenye fremu ya gari au kwenye pete zilizochomelewa kwa kazi hiyo. Mbao za pembeni za bodi hazikutengenezwa kwa kubeba mvuto wa mkanda.

Nne, angalia mlalo wa mkanda. Mkanda unaoshuka wima kutoka juu ya mzigo hukandamiza kwa nguvu zake zote. Ukilala mpaka pembe ya nyuzi 30 kutoka sakafuni, mkandamizo hupungua kufikia nusu. Kwa hiyo mzigo mpana na mfupi huhitaji mikanda mingi zaidi, au uwekewe gogo la mbao juu yake ili kuuinua mkanda.

Tano, linda mkanda dhidi ya kona kali. Bati, kingo za tofali na nondo hukata mkanda kama kisu. Kipande cha tairi kuukuu kikiwekwa kwenye kona kinatosha, na kwenye gereji zetu vipande hivyo havikosekani.

Sita, kaza kwa utaratibu. Ingiza mkanda kwenye tundu la racheti, uvute kwa mkono mpaka ulegevu wote uishe, kisha ndipo uanze kukaza. Mkanda ujizungushe mara mbili au tatu kwenye mhimili wa racheti, usizidi hapo. Usirefushe mpini kwa bomba, kwani racheti ikifyatuka yaweza kuvunja taya. Sehemu iliyobaki ifungwe, isije ikaburuzwa au kunaswa na gurudumu.

Saba, simama tena. Baada ya kilomita chache za mwanzo magunia hukaa sawa, hewa hutoka, mzigo hushuka, na mkanda uliokuwa umekaza hulegea. Simama mahali salama, zunguka gari, shika kila mkanda kwa mkono, kaza. Rudia baada ya barabara mbovu, na rudia kabla ya kuingia darajani. Kwa anayetoka Mwanza kwenda Sengerema, Usagara ni mahali pazuri pa kufanya hivyo.

Kila mzigo na tabia yake

Nondo na mabomba huteleza ndani ya fungu lake hata kama fungu limefungwa. Mkanda au mnyororo uzungushwe duara kamili kulikumbatia fungu, kisha ndipo ushikizwe kwenye gari. Ncha zinazotokeza nyuma ziwekewe kitambaa chekundu, na usiku taa. Zisiburuzwe lami, nimeona guta likifanya hivyo mbele ya geti la shule.

Mabati na mbao laini huteleza pia. Kamba pekee haitoshi, yazuiwe mbele na nyuma.

Magodoro, matangi matupu na viti vya plastiki ni vyepesi, na watu huvidharau. Adui yake ni upepo. Vifungwe kwa kupitisha mkanda mbele na juu, visiwekwe kileleni pa mzigo kama nilivyofanya mimi.

Kokoto na mchanga havifungwi kwa mkanda. Visijazwe kupita ukingo wa bodi, na vifunikwe turubai. Jiwe moja dogo likitua kwenye kioo cha gari la nyuma laweza kumpofusha mtu.

Mitungi ya gesi isafirishwe ikiwa wima, imefungwa, isigongane.

Vijana wangu wa bodaboda, mipira mnayokata kutoka kwenye tyubu za magari ni mizuri kwa kifurushi. Kwa gunia haitoshi, kwa sababu mpira huvutika: pikipiki ikiyumba, gunia nalo huyumba na kuiongezea kuyumba. Tena mzigo mzito nyuma ya ekseli hunyanyua gurudumu la mbele, na usukani hauna kazi tena.

Na juu ya mzigo wowote, mtu asikae. Najua siku za mnada gari hurudi na ng'ombe au magunia, na wachuuzi wamekaa juu. Mzigo ukihama, wao ndio wa kwanza kuanguka, na mzigo huwafuata.

Wajibu ni wa nani?

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu gari kutembea barabarani likiwa na mzigo unaohatarisha watu. Pia ipo Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, inayoweka ukomo wa tani 56 kwa gari kubwa kabisa na mzigo wake. Wapo wanaodhani kuwa gari likishapita mizani limekwisha kuthibitishwa. Mizani hupima uzito. Haipimi fundo. Gari laweza kuwa na uzito halali na mzigo wake usiwe umefungwa kabisa.

Mara nyingi lawama zote humwendea dereva. Nimekwisha kusimulia kwamba kwenye ajali yangu dereva alitaka kusimama, na mwenye mzigo ndiye aliyekataa. Basi niseme na sisi wenye mizigo. Tunapokodi gari tunapatana bei, tunahesabu magunia, tunauliza litafika saa ngapi. Tuongeze swali moja: “Mna mikanda mingapi?” Na dereva akisema anataka kusimama akaze, tumshukuru.

Sisi watu wa ziwa tunajua kuliko wengi uzito unavyoweza kugeuka kuwa msiba. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, tukapoteza mamia ya ndugu zetu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, ikiwa imebeba watu kuliko uwezo wake wa abiria 101, na zaidi ya watu 220 walifariki. Sizitaji ajali hizo kwa kudai kwamba mkanda ungeziepusha. Nazitaja kwa sababu zote mbili zilitokea safari ikiwa karibu kwisha, wakati kila mtu anapojiambia, “tumeshakaribia.” Hilo ndilo neno nililolitamka Buhongwa.

Ndugu wananchi, sikuja na ahadi ya fedha. Nina maombi matatu. La kwanza, vikundi vya bodaboda na maguta vinunue mikanda kwa pamoja na kuazimana, kwa kuwa si kila mwanachama hubeba mzigo mkubwa kila siku. La pili, serikali ya kijiji na wafanyabiashara wa hapa njia panda wakubaliane sehemu moja nje ya lami ambayo gari laweza kusimama kukaza mzigo, isizibwe na meza wala matofali. La tatu, mkiona gari la halmashauri limebeba madawati au saruji bila kufungwa, msinyamaze kwa sababu lina namba za serikali. Andikeni namba hizo na mzilete ofisini kwetu. Sheria tunayoihubiri ituanze sisi.

Na mzigo ukidondoka barabarani, msikimbilie kuuokota. Simamisheni magari kwanza kutoka pande zote, wekeni matawi au pembetatu mbali kidogo na tukio, kisha pigeni simu polisi kwa namba 112, au Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Mkanda huu nauacha kwa Mtendaji wa Kata. Yeyote anayetaka kujifunza namna ya kuukaza apite ofisini aujaribu kwa mikono yake, bila malipo.